Viti vya Jumba la Mikutano

Laiti Lothar Mielenz angezima redio asubuhi ile, mkewe asingehamia ngazini.

Lakini Lothar hakuwa mtu wa kuzima redio. Alikuwa amesimama jikoni na fulana yake ya ndani, anachemsha mayai, mtangazaji aliposema kwamba suala la Jumba la Mikutano limerudi tena mezani. Berlin nzima ililijua suala hilo. Jumba lilikuwa limefungwa miaka chungu nzima, limelala kando ya barabara kuu na mabati yake ya rangi ya fedha kama chombo cha angani kilichoishiwa mafuta, na kila serikali iliyoingia iliahidi kulitafutia kazi. Wengine walitaka liwe makumbusho, wengine hoteli, wengine ukumbi wa muziki. Wengine walitaka livunjwe, mpaka walipotajiwa gharama za kulivunja, wakasema kumbe ni zuri.

"Idara ya majengo ya urithi," alisema mtangazaji, "inaomba mwananchi yeyote mwenye kifaa halisi cha jumba hilo ajitokeze."

Lothar akageuka, kijiko mkononi. "Gerlinde! Umesikia? Wananitafuta!"

"Nani anakutafuta?" Gerlinde aliuliza kutoka sebuleni. "Sijasikia wakitaja jina lako."

"Wamesema mwenye kifaa halisi. Nani mwingine ana kifaa halisi Berlin hii?"

Gerlinde wakati huo alikuwa amekikalia hicho kifaa halisi. Ilikuwa safu ya viti vinne vilivyoungana, vya mahameli ya rangi ya machungwa, vyenye vimeza vya kukunja, vitaa vya kusomea, na matundu ya kuchomekea visikilizio vya tafsiri. Lothar alikuwa fundi wa viti pale jumbani maisha yake yote ya kazi. Siku lilipofungwa, msimamizi alimwambia achukue anachotaka karakanani, maana vyote vilikuwa vinakwenda jalalani. Wenzake walichukua drili na ngazi. Lothar alichukua safu hii, akaifunga kwa skrubu kwenye sakafu ya sebule ikitazama ukuta, kwa sababu kwingine haikuenea. Tangu hapo nyumba ya Mielenz ikawa inaketi kama wajumbe. Mgeni akija anakaa ubavuni mwa mwenyeji wake, wote wawili wanautazama ukuta, na anayetaka kumwona mwenziwe usoni lazima apinde shingo kama kuku anayesikiliza mvua. Ukinyanyuka, kiti kinajikunja chenyewe kwa kishindo na paka anakimbilia chini ya kitanda.

Roswitha, dada yake Gerlinde, aliyeishi kule Bavaria kwenye nyumba yenye makochi matatu, alipokuja mara ya mwisho aliuliza, "Filamu inaanza saa ngapi?" Gerlinde alicheka mbele ya dada yake, kisha akaenda kulilia bafuni. Sasa Roswitha alikuwa anakuja tena Jumapili, Gerlinde akitimiza miaka sabini, na safari hii Gerlinde alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameshona mapazia ya watu majira mawili ya baridi, akanunua kochi. Kochi la kona, la kijani kibichi. Lingeletwa Alhamisi, na viti vingeshushwa stoo. Lothar alikuwa amekubali, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

"Usiwapigie," Gerlinde alisema. "Nakujua, Lothar. Usiwapigie hao watu."

"Nitawaambia tu kwamba vipo."

"Ukishawaambia vipo, halafu?"

"Watafurahi."

Mayai yalikuwa yameshapasuka. Lothar alikuwa ameshashika simu.

&nbsp;

Idara ilimtuma Dakta Wiebke Harms, mwanamke mrefu mwenye miwani ya duara, ambaye mkobani mwake alikuwa na glavu nyeupe. Alifika Jumatano. Lothar alikuwa amevaa tai, na viti alikuwa amevipiga brashi mpaka mahameli yakasimama kama nywele za mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Karibu, Dakta. Karibu ukumbi mkuu," alisema mlangoni, akacheka peke yake.

Dakta Harms hakucheka. Alipiga magoti mbele ya vile viti kama mtu aliyefika kanisani.

"Mungu wangu," alisema. "Vya asili. Hata vitufe vya kupigia kura vipo!"

"Na vinabonyea," alisema Lothar. "Mimi na mke wangu huwa tunavitumia kuchagua chaneli."

"Mimi nabonyeza 'hapana'," alisema Gerlinde, "naye anaweka mpira vilevile."

Dakta Harms akavaa glavu, akapapasa vishikio, akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akatoa vibandiko vya manjano na kubandika kimoja kimoja kwenye kila kiti.

"Hivyo vya nini?" Gerlinde aliuliza.

"Ni ulinzi, Bibi Mielenz. Jumba limesajiliwa kuwa urithi, pamoja na vyote vilivyomo. Viti hivi ni sehemu ya jumba. Havisogezwi."

"Vitasogezwa kesho. Kesho naletewa kochi langu."

"Hilo halitawezekana."

"Lakini hii ni sebule yangu!"

"Sebule ni yako kabisa. Ila kuanzia hapa" — akachora mstari hewani kwa kidole cheupe — "mpaka hapa, ni jumba."

Lothar alikuwa bado anatabasamu, ingawa tabasamu lenyewe lilishaanza kutafuta pa kutokea. "Lakini kuvikalia tunaruhusiwa?"

"Kukiwa na dharura."

"Dharura gani ya kukaa?" Gerlinde aliuliza. "Na mpaka lini?"

"Mpaka hatima ya jumba ijulikane."

"Itajulikana lini?"

Dakta Harms alivua glavu zake kidole kwa kidole, bila kumtazama. "Inaundwa tume."

"Ya kuamua?"

"Ya kuamua ni tume ipi itakayoamua."

Alipoondoka, Lothar alibaki amesimama katikati ya chumba, analegeza tai. "Angalau," alisema, "ameviita vya asili."

Jioni hiyo walikula mkate na soseji wamesimama, kila mtu na sahani yake mkononi, kama watu walioalikwa kwenye tafrija ya ofisi wasiyojua ni ya nani.

&nbsp;

Wapagazi wawili walilipandisha kochi Alhamisi asubuhi mpaka ghorofa ya tatu, wakihema na kuitukana kila kona ya ngazi. Walipofika mlangoni, mkubwa wao akachungulia ndani.

"Bibi, hapa haliingii. Kuna sinema humu."

"Ing'oeni," alisema Gerlinde.

"Msiguse!" Lothar alijitupa mbele ya viti, mikono kaitandaza kama golikipa. "Ni mali ya historia! Kuna faini!"

"Basi tulitue wapi, mzee?"

"Lirudisheni chini kidogo, mpaka... mpaka mambo yatulie."

"Sisi tumelipwa kupandisha. Kushusha ni kazi nyingine."

Wakalitua palepale, ngazi zinapokomea, mbele ya mlango wa Mielenz, likaijaza nafasi yote isipokuwa kichochoro cha kupita mtu mmoja aliyejibana. Wakalivua nailoni yake kwa heshima. "Likalie kwa amani, bibi," alisema yule mkubwa, wakashuka wakipiga mluzi.

Gerlinde alilitazama kochi lake kwa muda. Kisha akalikalia. Likabonyea, likampokea. Akaegemea nyuma, akafumba macho, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyetua mzigo aliokuwa amesahau kwamba ameubeba.

"Haya, ingia ndani tuzungumze," alisema Lothar.

"Nimeshakaa."

"Hapo ni ngazini, Gerlinde. Watu watasema nini?"

"Wataniambia usoni. Hapa nitawaona. Niletee mto wangu, blanketi, na birika la kahawa. Na sindano zangu za kufumia."

Lothar alimletea, akidhani ni mzaha wa saa moja. Taarifa ya habari ya jioni ikapita, Gerlinde yupo. Kulipokucha Ijumaa, Gerlinde yupo, anafuma soksi, na paka amehamia kwake.

&nbsp;

Kwenye majengo ya Berlin watu wanaweza kupishana miaka ishirini wakisalimiana kwa kidevu tu. Kochi lile lilivunja mwiko huo kabla ya saa sita mchana. Nihat Gündoğdu, muuza mboga wa ghorofa ya pili, alipanda kuuliza kama kuna aliyefariki. Aliambiwa hakuna, akakaa dakika moja kwa adabu, akashuka, akarudi na zabibu na pea, akakaa tena, safari hii bila kuhesabu dakika.

Halafu akashuka Bibi Trautwein wa ghorofa ya nne, mjane aliyezijua kanuni za jengo kuliko sala zake. Alikuwa na kanuni zenyewe mkononi.

"Njia ya kukimbilia moto ukiwaka!" alisema. "Kifungu cha saba! Ngazini hapawekwi baiskeli, hapawekwi viatu, hapawekwi kigari cha mtoto, hapawekwi mti wa Krismasi!"

"Kochi halijatajwa," alisema Nihat.

Bibi Trautwein akasoma tena, midomo ikicheza. Halijatajwa.

"Kaa usome vizuri, shoga," Gerlinde alimwambia, akimkatia kipande cha keki ya plamu. "Macho yanaona vyema mtu akiwa ameketi."

Bibi Trautwein akakaa. Alikisoma kifungu cha saba mpaka keki ikaisha, akakisoma tena kwa kipande cha pili. Ndipo uso ukamwiva.

"Ila nimeshampigia simu mwenye jengo," alisema, makombo mdomoni. "Tangu jana. Amesema kama kochi litakuwa bado lipo kesho Jumamosi saa kumi, atatuma gari la takataka lilichukue. Nisamehe, Bibi Mielenz. Nilikuwa sijalikalia."

Gerlinde aliushika mkono wa kochi kama anayeshika mkono wa mtoto sokoni.

Ndani, nyuma ya mlango, Lothar alikuwa anachemsha viazi na kusikiliza kila neno. Alikuwa ameweka stuli ya jikoni mbele ya televisheni, kando ya viti vinne vya fahari asivyothubutu kuvikalia, na mgongo ulikuwa unamuuma. Akafungua mlango kidogo.

"Gerlinde, chumvi iko wapi?"

"Mwenyekiti wa kikao ni Bibi Trautwein," alijibu Gerlinde bila kuinua macho. "Unyooshe mkono kwanza."

Lothar aliwatazama mmoja mmoja. Akanyoosha mkono, na mkononi mlikuwa na mfuniko wa sufuria.

"Mjumbe wa jikoni," alisema Bibi Trautwein, "una dakika moja."

"Nataka chumvi."

"Hiyo si ajenda," alisema Nihat. "Ajenda ni jumba. Tunaamua lifanywe nini. Mimi nasema soko la jumla. Unaingia na gari lako mpaka ndani, unapakia nyanya, unatoka. Mvua inyeshe nje huko."

"Bwawa la kuogelea la wazee," alisema Bibi Trautwein. "Maji ya moto. Kupiga mbizi marufuku, na kuzungumza pia."

"Upuuzi!" Lothar alipiga mfuniko kwa kijiko. "Lifunguliwe kama lilivyokuwa! Ninyi mnalijua nje tu, mnapita barabarani na kulicheka. Mimi nilikuwa ndani. Walikuja madaktari wa dunia nzima, maelfu, wameketi wote kwa pamoja, na kila mmoja amekalia kiti nilichokigusa mimi kwa mikono hii. Na hakuna kilicholia! Ukumbi mzima, hakuna kiti hata kimoja kilicholia mwii!"

Gerlinde aliweka soksi yake pajani.

"Nakumbuka," alisema. "Nakumbuka pia ulivyorudi siku ya mwisho, ukakaa mezani na mikono yako umeiweka hivi, kama vitu vya mtu mwingine umeachiwa umshikie. Ndiyo maana ulipoleta viti sikusema kitu. Nilisema, mwache akae navyo mwaka mmoja, moyo utapoa. Mwaka ukapita. Ukapita mwingine. Sasa nimekuwa mzee nikitazama ukuta. Lothar, mimi si mjumbe. Mimi ni mkeo. Nimechoka kuuambia ukuta mambo yangu nikitumaini utayasikia kwa pembeni."

Harufu ya kuungua ikapenya mlangoni.

"Viazi vyako, bwana," alisema Nihat kwa upole.

Lothar akafunga mlango taratibu. Chumvi hakupewa, wala hakuikumbuka tena.

&nbsp;

Alasiri ile alimpigia simu Dakta Harms.

"Dakta, njooni mvichukue."

"Hatuna pa kuviweka, Bwana Mielenz. Mahali pake ni jumbani."

"Basi nitavirudisha jumbani."

"Jumba limefungwa mpaka hatima yake ijulikane."

"Lakini mke wangu anaishi ngazini!"

"Ana hali gani?"

"Ana furaha," alisema Lothar. "Hilo ndilo linalonitisha."

Dakta Harms alikohoa. "Kuvisogeza ni kosa. Nakwambia hivyo kama mtumishi wa idara."

"Na ungekuwa si mtumishi wa idara?"

"Mimi nina mume anayekusanya saa za ukutani," alisema Dakta Harms. "Zina milio. Kwaheri, Bwana Mielenz."

&nbsp;

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Gerlinde alisikia drili ikilia sebuleni. Skrubu moja moja zilitoka kwenye sakafu kwa kelele ya nguruwe mdogo. Hakunyanyuka kwenda kutazama. Alizilaza sindano zake tu, akasikiliza.

Mlango ukafunguka, ikatoka safu ya viti vinne imebebwa na Lothar mbele na Nihat nyuma. Njia ilikuwa nyembamba, ikabidi viti vipitishwe juu ya kochi, na Gerlinde akunje miguu.

"Vinakwenda wapi?"

"Vinarudi kazini," alisema Lothar. Jasho lilimtiririka puani. Kibandiko kimoja cha manjano kiliganda kwenye nywele za mkewe na hakuna aliyekiona.

Gari la mboga la Nihat liliwafikisha jumbani likinuka vitunguu. Jumba lilikuwa vilevile, refu, la fedha, limenyamaza, magari yakipita chini yake kama mto. Kwenye kibanda cha mlango wa nyuma alikuwepo mlinzi, anakula soseji ya mchuzi wa kari.

"Hakuna kinachoingia," alisema kabla hawajauliza.

"Ni vya humu ndani," alisema Lothar.

"Vingekuwa vya humu ndani vingekuwa humu ndani."

"Vilitoka."

"Hakuna kinachotoka pia."

"Basi hivi hapa viko wapi?" Nihat aliuliza.

Mlinzi aliviangalia viti huku akitafuna kwa makini. "Kwa mujibu wa taratibu? Havipo popote."

Wakati huo basi lilikuwa limekwama nyuma ya gari la mboga, linapiga honi, dereva ametoa kichwa dirishani na anamtaja mama yake Nihat. Hapakuwa na la kufanya. Wakavishusha viti kwenye kituo cha basi, upande wa pili wa barabara, kituo kikavu kisichokuwa na benchi wala kivuli. Kabla Lothar hajanyoosha mgongo, bibi mmoja mwenye mifuko miwili ya sokoni alikuwa ameshajitupa kwenye kiti cha kwanza.

"Hatimaye!" alisema. "Nawaandikia barua za kuomba benchi tangu mume wangu akiwa hai. Mmechelewa, lakini mmeleta cha maana." Akakunjua kimeza, akaweka mfuko juu yake. "Na hiki cha kubonyeza ni cha nini?"

"Cha kupigia kura, bibi," alisema Lothar.

"Basi mimi nakataa," alisema bibi, akabonyeza.

"Unakataa nini?"

"Basi langu kuchelewa." Alijisogeza, safu nzima ikayumba. "Ehe! Mbona kinacheza? Kazi gani hii?"

Hilo Lothar hakuweza kulivumilia. Angevumilia faini, angevumilia hata kutukanwa na dereva. Lakini kiti chake kiyumbe mbele za watu? Alipiga magoti kwenye lami, akatoa drili. Alitoboa, akafunga, akatikisa, akafunga tena, akamwomba bibi ahamie kiti cha pili, kisha cha tatu. Watu wakajaa. Mlinzi alivuka barabara na soseji yake kuja kutazama, na kwa kuwa huku hakukuwa eneo lake la kazi, alishikilia skrubu. Safu iliposimama imara kama mlima, Lothar akakaa kiti cha mwisho kujaribu. Hakikulia. Alilitazama jumba lote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza aliliona lilivyo: kubwa mno, na hakuna mtu ndani.

"Saa ngapi?" aliuliza ghafla.

"Saa kumi kasoro kidogo," alisema mlinzi.

"Kochi!" alipiga kelele Nihat.

&nbsp;

Gari la takataka lilikuwa limeshafika. Vijana wawili wa takataka walikuwa wamesimama ngazini, kofia mkononi, wamekwama. Kwenye kochi waliketi Gerlinde, Bibi Trautwein, mke wa Nihat, na wanafunzi wawili wa ghorofa ya kwanza ambao majina yao hakuna aliyewahi kuyajua, wamebanana kama soseji sufuriani.

"Kifungu cha tisa," Bibi Trautwein alikuwa anasoma kwa sauti ya mchungaji. "Takataka ni kitu kisichokuwa na matumizi. Tazameni, vijana. Kinatumika. Kimetumika mpaka pembeni."

"Mama, sisi tumetumwa tu."

"Na sisi tumekaa tu."

Lothar alipanda ngazi akihema, magoti meusi kwa lami. "Nyanyukeni!" alisema. "Nyanyukeni wote! Ndani kuko wazi!"

Vijana wa takataka, kwa furaha ya kupata kazi inayoeleweka, wakashika upande mmoja. Wanafunzi wakashika wa pili. Kochi lilikwaruza mlango, likang'oa swichi ya taa, likaingia. Sebuleni lilienea kana kwamba chumba kilishonwa kwa ajili yake.

Hayo mengine yalifuata baadaye. Jumapili Roswitha alikuja, akalikalia kochi, na hakuuliza habari ya filamu. Jumatatu Dakta Harms alikwenda kituoni, akamkuta bibi wa mifuko miwili, akabandika kibandiko kipya kwenye kila kiti: havisogezwi. Tume ya kuchagua tume iliandika kwenye taarifa yake kwamba sehemu ya kwanza ya jumba imeshapatiwa matumizi mapya kwa mafanikio, na kuhusu sehemu iliyobaki ikaomba muda. Lothar alipokea faini na cheti cha shukrani ndani ya bahasha moja.

Lakini Jumamosi ile hakujua lolote kati ya hayo. Majirani walikuwa wameondoka, kila mmoja na kipande cha keki, na yeye alikuwa amesimama katikati ya sebule, juu ya matundu ya skrubu, hajui aelekee wapi. Gerlinde alikuwa amenyoosha miguu kwenye upande mmoja wa kochi.

"Kaa basi," alisema.

"Wapi?"

"Popote. Ni kochi, Lothar."

Akakaa upande wa pili, kwenye ncha tu, mikono magotini, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Kona ya kochi iliwaweka uso kwa uso. Lothar akamtazama mkewe. Akainamisha kichwa upande mmoja, akamtazama tena.

"Umekata nywele?"

"Mwaka juzi."

"Zimekupendeza."

"Najua," alisema Gerlinde. "Nihat alishaniambia."

Lothar akasogea karibu.